Rais akikataa walinzi, aachwe?

Wakuu, hili linanikereketa siku nyingi. Kwa sheria ya Marekani, mke wa rais anaweza kukataa ulinzi, na rais mstaafu pia. Aliye madarakani hana ruhusa hiyo. Atake asitake, yuko nao. Obama alipoingia 2009 ilibidi avutane na watu wa usalama ili tu abaki na BlackBerry yake. Mtu mwenye amri juu ya silaha za nyuklia anabembeleza simu!

Najua jibu lenu: si alijitakia? Sawa, kura aliziomba mwenyewe. Ila hasara si yake tu. Mtu anayefungiwa barabara apite, asiyejua tena foleni wala kusubiri chenji, ndiye huyohuyo anayetuamulia mambo ya foleni. Mwaka 2013 Jens Stoltenberg, waziri mkuu wa Norway, aliendesha teksi Oslo ili asikie wananchi wanasema nini. Baadaye ikajulikana baadhi ya abiria walikuwa wameandaliwa na kulipwa. Yaani hata kuchanganyika na watu kunahitaji waigizaji. Mimi nasema akitaka kutembea peke yake, aachwe.

MCHANGIAJI WA KWANZA
Mkuu, Palme umemsahau? Februari 28, 1986, waziri mkuu wa Sweden aliwaruhusu walinzi waende zao, akaenda sinema na mkewe. Wakarudi kwa miguu. Akapigwa risasi mgongoni, katikati ya Stockholm. Uchunguzi ulifungwa 2020, aliyetajwa kuwa mshukiwa akiwa kaburini miaka 20. Miaka 34 ya nchi nzima kwa matembezi ya usiku mmoja!

MCHANGIAJI WA PILI
Mbona Mujica, rais wa Uruguay, aliweza? 2010 hadi 2015 aliishi shambani kwake na kuendesha Volkswagen yake ya 1987. Tatizo ni misafara, watu wanaipenda. Mwingine ukimpunguzia magari mawili ataona umemvua nguo.

MCHANGIAJI WA KWANZA
Hata kwa Mujica polisi walikuwepo, ndugu yangu. Na mtoa mada anajibu kama vile risasi humpata kiongozi peke yake. Novemba 1, 1950, watu wawili wenye bunduki walijaribu kuingia alimokuwa anaishi Truman, rais wa Marekani, nyumba ya ng'ambo ya barabara Ikulu ikikarabatiwa. Yeye alikuwa juu amejilaza, akachungulia dirishani, akapigiwa kelele arudi ndani. Aliyekufa ni mlinzi, Leslie Coffelt. Sasa huo uhuru wa kutembea, na Coffelt tumwulize?

MTOA MADA
Hapo umenibana, sikatai. Truman huyo ndiye aliyeiita Ikulu yake jela kubwa nyeupe, na alipenda sana kutembea asubuhi. Baada ya siku ile, hata kuvuka barabara kwenda ofisini akawa anapelekwa kwa gari. Basi narekebisha: walinzi wabaki. Lakini barabara isifungwe. Asimame kwenye taa nyekundu kama sisi, na walinzi wake wakisimama naye.