Flashi kidogo, riflekta au kuinua vivuli kwenye kompyuta: kipi kinafaa picha za nje?

Mpigapicha_Uyole: Wakuu habari. Jumamosi nina mahafali ya nje hapa Mbeya, saa saba mchana, jua la utosi. Zile kofia zinafunika macho yote. Nitumie flashi, riflekta (kile kitambaa cha kurudisha mwanga usoni), au nipige tu nikainue vivuli, yaani kung'arisha sehemu zenye giza, kwenye kompyuta?

Mnyalukolo: Riflekta, mkuu. Unaona matokeo kabla hujabonyeza. Tumia upande mweupe, ule wa fedha unawakunjisha watu macho. Sharti uwe na msaidizi. Huku Mafinga upepo ukivuma unaweza kuikimbiza mpaka kwenye mipaini.

Dada_wa_Tukuyu: Kaka, kwa wahitimu waliojipanga safu mbili riflekta haifui dafu. Apige flashi, ila aishushe. Kwanza pima mwanga wa jua wenyewe: ISO (usikivu wa kamera) 100, shata 1/200 ya sekunde, tundu la lenzi f/11 au karibu na hapo, anga na mlima Loleza nyuma visiungue. Ndipo uwashe flashi kwa TTL, kamera ijipimie yenyewe nguvu ya flashi, ukiipunguza kati ya stopu −1 na −2 (kila stopu ni nusu ya mwanga). Ukiiacha kwenye 0 paji la uso linang'aa mafuta na picha inakuwa kama ya pasipoti. Mtazamaji asijue kama kuna flashi.

Mdau_Soweto: f/11 ya nini dada? Mimi nataka f/2.8, tundu liwe wazi, nyuma kupotee.

Dada_wa_Tukuyu: Basi mwanga utazidi, na kasi ya shata itabidi ipande mno. Kamera nyingi zinaishia 1/200 au 1/250 na flashi ya kawaida. Ukizidisha, pazia la shata linaacha ukanda mweusi kwenye picha. Kuna HSS, flashi ya shata ya kasi, lakini inakula nguvu ya flashi vibaya sana. Mtu mmoja, umsogelee, sawa. Kundi, sahau.

Mpigapicha_Uyole: Na kompyuta?

Mnyalukolo: Ukipiga RAW (faili ghafi la kamera), stopu moja unainua bila shida. Ukizidi sana ngozi nyeusi inaota chenga. Tena ile nukta ya mwanga jichoni haiji kwa kuinua vivuli. Hapo dada kanishinda.

Dada_wa_Tukuyu: 😂 Mkibaki mpaka jioni, funika flashi na jeli (plastiki nyembamba) ya rangi ya chungwa, la sivyo nyuso zitakuwa za buluu na jua la dhahabu. Na ukungu ukishuka, iondoe juu ya kamera uishike pembeni. Matone yanarudisha mwanga kwenye lenzi, unabaki na weupe mtupu.

Mpigapicha_Uyole: Flashi basi. Nani hapa mjini ana triga, ya kuwasha flashi ikiwa mbali na kamera, ya kuazimisha hadi Jumapili?