Je, salamanda chotara wa California alindwe au aondolewe?

Mleta mada:
Katika miaka ya 1950 wauza chambo waliingiza katika Bonde la Salinas, California, viluwiluwi vya salamanda (amfibia mwenye umbo kama la mjusi) wenye milia kutoka Texas, na wageni hao wakazaana na salamanda mwenyeji, Ambystoma californiense, ingawa koo hizo mbili zilikuwa zimetengana kwa mamilioni ya miaka. Mwenyeji analindwa na sheria ya shirikisho ya Marekani, lakini hali ya machotara bado inabishaniwa. Naona waondolewe wote, kwa kuwa spishi ikishachanganyika haitenganishiki tena.

Mchangiaji wa kwanza:
Ndugu mleta mada, neno "wote" ndilo linalonitatiza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulipima alama 68 za vinasaba (vipande vinavyoonyesha asili ya mnyama), ukaona kwamba 3 tu za mgeni zilikuwa zimeenea mbali na mahali alipoingizwa, huku 65 zikibaki karibu na hapo. Mnyama aliye mwenyeji kwa kila kitu isipokuwa alama hizo 3, tumhukumu kuwa mvamizi? Mimi ningeanza na maji. Mwenyeji amezoea mabwawa ya mvua yanayokauka kiangazi, ambamo kiluwiluwi hana budi kugeuka kuwa mnyama wa nchi kavu na kutoka mapema. Mgeni, kinyume chake, anaweza kubaki majini akiwa na matamvua (viungo vya kupumulia majini) yanayoning'inia nje ya shingo, akakomaa na kuzaa bila kugeuka kamwe. Malambo ya mifugo yasiyokauka mwaka mzima ndiyo yaliyompa nafasi hiyo, na kuyaacha yakauke kila kiangazi kunaweza kumpunguzia chotara faida yake bila kumpima mnyama mmoja mmoja.

Mchangiaji wa pili:
Kiluwiluwi cha chura kinachomezwa hakiulizi mlaji wake ana alama ngapi. Majaribio yameonyesha kwamba viluwiluwi chotara hupunguza idadi ya viluwiluwi vya amfibia wengine wanaosalia bwawani, kwa hiyo kuchelewa kunawagharimu viumbe wasiohusika na uchotara huu.

Mchangiaji wa kwanza:
Hoja hiyo ni nzito, nami naikubali kwa mabwawa ambayo machotara wamekwisha kuwa wakubwa na walafi, humo wavuliwe. Ila hapo kinachowaondoa ni ukubwa wa kinywa na madhara yake, si hesabu ya alama, na sheria inapaswa kuandikwa hivyo.