Mwalimu kijana: kwenda shule binafsi, kuacha kazi kabisa au kubadilishana kituo?

Fizikia_Uvinza: Wakuu, nafundisha sekondari ya kata huku kusini mwa Uvinza, kwenda Kigoma mjini ni boti. Fizikia na Hisabati zote ni zangu, kidato cha kwanza hadi cha nne. Nilioripoti nao wengi wameshaondoka. Nishaurini: binafsi, biashara ya dagaa, au nitafute wa kubadilishana naye?

Mama Kasulu: Binafsi usiende kichwa kichwa, mdogo wangu. Nilipokuwa mimi mkataba ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja, shule ikifungwa mshahara unasuasua, na makato ya NSSF, mfuko wa pensheni wa sekta binafsi, yalionekana kwenye salary slip tu, kwenye mfuko hayakufika. Matokeo yakishuka unaitwa ofisini peke yako.

Mmanyema: Watu wanasema mshahara. Ni kweli, Bodi ya Mikopo ya elimu ya juu inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, PSSSF (pensheni ya watumishi wa umma) asilimia 5, kodi bado. Lakini wanaokimbia mapema wengi nawaona wanakimbia kituo: hakuna nyumba, fedha za kujikimu hazijatoka, na tangu elimu bila ada ianze 2016 darasa limefurika.

Mwana Kibirizi: Mimi niliacha chaki nikaingia kwenye dagaa, na sirudi. Ila sikiliza. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi Mei 15 hadi Agosti 15. Likifungwa tena utakula nini? Deni la Bodi nalo halikuachi, aliyejiajiri anatakiwa kulipa si chini ya laki moja kwa mwezi. Mimi mtaji alinipa shemeji, tusidanganyane.

Ticha Sikonge: Hapo ongeza hili: ukiacha kazi mwenyewe, fao la kukosa ajira hupati. Lile ni la aliyeachishwa. Kwangu mimi kubadilishana ndiyo njia ya kwanza kujaribu. Maombi yanapita kwenye ESS, mfumo wa mtandaoni wa watumishi wa umma, ila tafuta mwenye masomo yako hayo hayo. Mwalimu wa Historia hata awe tayari kesho, mkurugenzi wako hatakuachia.

Fizikia_Uvinza: Wa Fizikia nitamtoa wapi, kaka?

Ticha Sikonge: Tafuta mwalimu ambaye mke au mume wake yuko huko huko Uvinza: nesi, afisa kilimo, hata mfanyabiashara. Anza na magrupu ya walimu ya WhatsApp ya Kaliua na Urambo, mkoani Tabora. Na umeme wa sola kama upo kituoni kwako, uandike mwanzoni kabisa mwa tangazo.