Six au V8: gari la wageni lifungwe injini gani?

Mleta mada (Njiro, Arusha)

Wakuu, hoja hii kila siku inaishia kwenye kelele za vijiweni, naileta hapa ichambuliwe kwa utulivu. Siku hizi kila mwenye kampuni ya utalii anayetaka kuongeza gari anashauriwa achukue Land Cruiser ya V8 (silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V), eti six, yaani za silinda sita, zimepitwa na wakati na wageni wanazikataa. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: kwa gari linalolala Ndutu na kesho yake kulala Lobo, huko Serengeti, six ya Toyota iitwayo 1HZ bado ndiyo injini. Anayenunua V8 ananunua muungurumo.

Namba kwanza, tusije tukatukanana bure. 1HZ ni dizeli ya cc 4164, silinda sita zimepangwa mstari mmoja, haina tabo (kifaa cha kusukumia hewa kwenye injini), farasi kama 130, nguvu ya kuvuta Nm 285. V8 ya dizeli, yaani 1VD, ilitoka 2007: cc 4461, komoni reli (dizeli inasukumwa kwa presha kubwa ikiongozwa na kompyuta), na kwenye hizi 70 series, Land Cruiser za kazi, ina tabo moja, farasi kama 200 na Nm 430. Kwenye karatasi six imeshazikwa.

Lakini karatasi haizimikiwi na gari jioni pale Naabi, geti la Serengeti. Six ikizima pale, dereva anajua pa kuanzia: chujio, au hewa imeingia kwenye mafuta. Anapiga pampu ya mkono iliyo juu ya chujio mpaka iwe ngumu, analegeza nati za mabomba ya chuma yanayopeleka dizeli kwenye nozo, mwenzake anapiga stata, povu linatoka, linafuata dizeli safi, anakaza, gari linanguruma. Spana moja na tambara. Kwa V8 iliyokunywa dizeli yenye maji kutoka kwenye madumu utafanya nini? Taa inawaka kwenye dashibodi, gari linagoma kuvuta, na injekta ziko nane.

Dereva mwongozaji

Mkuu heshima yako, ila naona siku nyingi hujapanda Lerai, barabara ya kutokea kreta ya Ngorongoro, na gari limejaa. Sakafu ya kreta iko kama mita 1,800, ukingoni ni 2,300 hivi. Injini isiyo na tabo inavuta hewa iliyopo, na kila mita 300 za kupanda inapoteza kama asilimia 3 ya nguvu. Hesabu mwenyewe: ukifika juu umeacha karibu robo njiani. Farasi wako 130 wamebaki 100, na gari lenyewe chesisi imekatwa ikarefushwa, paa la kunyanyua, viti saba, friji, tairi mbili za akiba, mabegi ya Wamarekani ambayo unajua yalivyo.

Hata kabla ya kreta, mlima wa kutoka Mto wa Mbu kwenda Rhotia unatosha kukuumbua. Gia ya pili, sindano ya joto unaiangalia kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani, fuso inakupita. Mgeni wa nyuma anauliza kwa upole kama gari ni zima. Kwenye V8 swali hilo halipo, tabo inasukuma hewa na mlima unakuwa barabara tu.

Fundi, Unga Limited

Vijana, mnazisingizia silinda. Anachokisifia dereva hapo ni tabo, wala siyo V8.

Ushahidi upo. Toyota hao hao walikuwa na six nyingine ya dizeli ya lita 4.2, 1HD-FTE, yenye tabo ya kiwandani. Kwenye VX ya Land Cruiser 100 ilikuwa inatoa Nm 430. Linganisha na V8 ya 70 series: 430. Zimelingana, na moja ina silinda mbili pungufu. Halafu 2021 ilipotoka Land Cruiser 300, V8 ikatupwa nje kabisa. Wakaweka V6 ya dizeli ya lita 3.3 yenye tabo mbili, Nm 700, wakati V8 ya dizeli ya Land Cruiser 200 iliyotangulia iliishia 650. Wenye kiwanda wenyewe wamemaliza ubishi, ninyi bado mko kijiweni.

Ila nisieleweke vibaya. Wapo wanaosikia hivi wakaja kuniambia nifunge tabo kwenye 1HZ. Siifungi. Hedi (kifuniko cha juu cha injini) ya 1HZ ina vyumba vidogo vya kuwashia mafuta kabla hayajaingia kwenye silinda, joto linakaa palepale, na ukiongeza msukumo wa hewa hedi inapasuka. Nimepokea hedi za namna hiyo, mwenye gari akiapa kwamba halijawahi kuchemsha.

Kuhusu ufundi, mleta mada yuko sahihi nusu. Six ya mstari ina hedi moja, gasketi moja, na kwa mpangilio wake pistoni zinabalansiana zenyewe, ndiyo maana inatulia hata ikizeeka. V ina hedi mbili, kila kitu mara mbili. Na wale mnaokimbilia zile VX za V8 ya petroli, lita 4.7, kwa sababu mnadani bei ni ya kutupwa: stata yake imejificha chini ya manifoldi ya hewa, katikati ya V. Ikifa, nafungua juu ya injini yote ndipo niione.

Mtu wa boti

Shikamoo fundi. Mimi ni mtu wa Moshi ila mkate wangu uko Tanga, kwenye boti za kutembeza watu na kuvua kwa starehe. Ubishi huu kwetu ni wa zamani. MerCruiser, watengenezaji wa injini za boti, walikuwa na V6 ya lita 4.3 na V8 ya lita 5.7, zote asili yake General Motors, kipenyo cha silinda kilekile, mwendo wa pistoni uleule. Ile V6 ni V8 iliyokatwa silinda mbili. Kwa hiyo ukitaka kulinganisha sita na nane bila tabo kuingilia, hapo ndipo.

Boti la futi 18, watu wanne, V6 inatosha na mfuko unashukuru. Boti la futi 23, watu wanane na maboksi ya barafu, V6 utaikandamiza mizunguko 4,000 kwa dakika ili boti lisizame mkia, wakati V8 inafanya kazi hiyohiyo kwenye 3,300 hivi. Mwisho wa siku mafuta yanakaribiana, na iliyochoka ni V6. Boti halina mteremko wa kupumzikia, linapanda mlima kutwa. Kwa hiyo mleta mada, swali langu ni uzito. Gari lako lililorefushwa ni la futi 18 au 23?

Mleta mada

Swali zuri, kaka. Lakini gari la safari haliko baharini. Hifadhini Serengeti mwisho ni kilomita 50 kwa saa, V8 na six zinakwenda sawa, na muda mwingi gari limezimwa watu wanaangalia simba amelala. Mlima wa kweli kwa siku ni dakika chache. Siwezi kununua injini ya dakika hizo halafu niilishe na kuitibu mwaka mzima.

Dereva mwongozaji

Dakika chache unaziona chache kwa sababu siku hizi hukai kwenye usukani, bosi.

Mama mwenye magari mawili, Moshi

Jamani, mgeni hajawahi kuniuliza silinda. Anauliza kama kuna pa kuchajia simu, kama dirisha linafunguka lote, na kama vumbi linaingia. Six yangu inafanya kazi, nikiiuza kesho wanunuzi wanapigana. Nachojiuliza ni kingine kabisa: tangu mwishoni mwa 2023 kuna 70 series ya silinda nne, lita 2.8, tabo, Nm 500. Nne! Inaipita hiyo V8 mnayoililia, na hakuna aliyeitaja. Fundi, nikikuletea hiyo utaifungua?

Fundi, Unga Limited

Nitaifungua, mama. Ila uje na mashine yake ya kupimia, hii yangu imeishia kwenye V8.