Sampuli imekubali, mteja anataka mashine 40: hatua ya EMD inatufundisha nini?

Karakana_UngaLimited (Arusha)

Wakuu, habari za jioni. Tuna mashine ya kupukuchua mahindi ya injini ya dizeli ya hp 8. Sampuli inapukuchua vizuri na mteja anataka 40 kabla ya mavuno. Nimekuwa nikisoma jinsi Wizara ya Ulinzi ya Marekani inavyonunua silaha, nikakuta hatua inayoitwa EMD, inayokaa kati ya sampuli na uzalishaji, nayo inakula miaka na fedha nyingi sana. Wanafanya nini humo wakati kitu tayari kinafanya kazi? Na kwa karakana ya watu sita, tuchukue kipi, tuache kipi? Michoro ipo, ila vipimo vingine viko kichwani kwa fundi.

Michoro_Njiro

Mkuu, sentensi yako ya mwisho ndiyo inayojibu swali la kwanza. EMD (Engineering and Manufacturing Development) ni uendelezaji wa kihandisi na wa kiuzalishaji. Inaanza kwenye lango la uamuzi liitwalo Mailistoni B na kuisha kwenye Mailistoni C. Kwa miradi mikubwa, sheria yao inataka kabla ya B teknolojia iwe imeshaonyeshwa katika mazingira yanayofanana na ya kazi, yaani ngazi ya 6 kati ya 9 za ukomavu. Kwa hiyo ndani ya EMD hawaulizi tena kama kitu kinawezekana. Wanauliza kama fundi mwingine, akishika karatasi tu na kutumia vifaa vya uzalishaji, atatoa kitu kilekile mara ya kwanza na mara ya arobaini, kwa gharama ileile.

Katikati ya safari kuna mapitio ya mwisho ya usanifu. GAO, ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, kwa miaka mingi imetumia kipimo kimoja: siku ya mapitio hayo, angalau 90% ya michoro iwe tayari kukabidhiwa karakana. Mradi unaopita hapo na michoro nusu hujikuta ukibadilisha usanifu huku vyuma vimeshakatwa, na hapo ndipo fedha zinapopotelea.

Fanyeni hivi: mchukueni fundi ambaye hakugusa sampuli, mpeni michoro, kisha kila anapouliza swali, andikeni. Kila swali lake ni kipimo kinachokosekana. Asijibiwe kwa mdomo. Mchoro urekebishwe, uandikwe tarehe na namba ya toleo, na nakala ya zamani iondolewe ukutani siku hiyohiyo. Matoleo mawili ya mchoro mmoja yakiwa karakana kwa wakati mmoja, hamna mchoro.

Kerezo_Pasua (Moshi)

Niongezee upande wa uzalishaji, maana wengi wanausoma haraka. Nichukue shafti ya ngoma. Kama mnatumia beringi za UCP206, tundu lake ni mm 30. Mchoro ukisema "mm 30" tu, mmoja atakereza 29.9, mwingine 30.0, na zote mbili zitaingia. Ile ya 29.9 itacheza, skrubu za kubania zitalegea kwa mtetemo, pete ya ndani itazunguka juu ya shafti na kuila. Sampuli haikuonyesha hilo kwa sababu fundi aliikereza huku beringi iko mkononi.

Andikeni h7, yaani kati ya 29.979 na 30.000. Nafasi ni mm 0.021 tu, kwa hiyo kalipa ya vernia haitoshi. Nunueni maikromita ya mm 25–50 inayosoma 0.01, mpime pande zote mbili za shafti, kila upande sehemu tatu, chuma kikiwa kimepoa.

Fremu nayo ina mambo yake. Matundu ya UCP206 yako umbali wa mm 121 katikati hadi katikati. Mkitoboa kabla ya kuchomelea, moto utavuta chuma na beringi mbili hazitakaa mstari mmoja. Tengenezeni jigi nzito, yaani kishikio cha chuma kinachobana vipande mahali pake, mfunge fremu, mshike kwa vidonda vidogo vya kuchomelea kwanza, mchomelee mkipishanisha pande, muiache ipoe ikiwa bado imefungwa, ndipo mtoboe. Jigi hiyo inakula siku na chuma kingi, na mteja haioni. Lakini ndiyo EMD yenyewe: kazi ya kutengeneza kile kinachotengeneza mashine.

Mashine ya kwanza kutoka kwenye jigi mpime kila kipimo cha mchoro, chote bila kuruka, na kuandika namba halisi. "Sawa" si kipimo.

Upimaji_Tengeru

Walionitangulia wamegusa karatasi na jigi. Kinachobaki ni majaribio ya uimara. Jeshi la Marine la Marekani lilikuwa na gari la vita la majini na nchi kavu liitwalo EFV. Lengo lilikuwa wastani wa saa 43.5 kati ya hitilafu za kukwamisha kazi. Kwenye tathmini ya mwaka 2006 wastani ulitoka saa 4.5. Hatua ya uendelezaji ikabidi irudiwe, na Januari 2011 ikatangazwa kwamba mradi unafutwa baada ya dola takriban bilioni 3 kutumika. Gari lilikwenda, lilielea; halikudumu.

Kwenu, amueni namba. Tuseme mnataka wastani wa saa 50 bila kusimama kwa hitilafu. Ili kulisema hilo kwa uhakika wa 80%, zinahitajika saa 80 bila hitilafu hata moja. Ikitokea moja, ni saa 150. Saa hizo mnaweza kuzigawa kwa mashine kadhaa, lakini moja ipigishwe kazi ndefu peke yake, kwani mkanda na beringi havionyeshi uchakavu ndani ya saa 20.

Na msijaribu kwa mahindi makavu tu. Pukuchueni ya unyevu wa 13% na ya karibu 20%, maana mkulima mwenye haraka hangoji. Kumbukeni pia mwinuko: injini isiyo na turbo (kifaa cha kuisukumia hewa zaidi) hupoteza takriban 3% ya nguvu kila mita 300. Arusha, kwenye mita 1,400 hivi, hp 8 inabaki kama 6.9. Mashine iliyofaulu Moshi inaweza kuzidiwa Karatu, iliyo juu zaidi.

Karakana_UngaLimited

Asanteni sana wakuu. Mteja anasukuma. Tunaweza kuanza kutengeneza huku majaribio yakiendelea?

Michoro_Njiro

Mnaweza, kwa kiasi. Ndege ya kivita ya Marekani F-35 ilianza uendelezaji Oktoba 2001, mkataba wa kwanza wa uzalishaji mdogo ukaja 2007 majaribio yakiwa bado mabichi, na idhini ya uzalishaji kamili ikatolewa Machi 2024, wakati ndege zaidi ya 900 zimeshakabidhiwa. Kila kasoro iliyogunduliwa katikati ililazimu kurudi kwenye ndege zilizokwisha kutengenezwa. Gharama hiyo wao waliimudu. Karakana ya watu sita haiimudu.

Kawaida yao ni kwamba kundi la kwanza likizidi 10% ya idadi yote, sababu ielezwe. Kwenu ni mashine nne. Zitengenezeni kwa jigi na michoro ya uzalishaji, mafundi walewale watakaotengeneza 36 zilizobaki, kisha saa za majaribio zipatikane hapo. Wakati huohuo nunueni vitu ambavyo majaribio hayawezi kuvibadilisha: magurudumu, injini, rangi. Msikate bado ngoma, shafti, vipigio na chujio. Na kwenye mkataba na mteja, tarehe ya kukabidhi zile 36 ihesabiwe tangu siku ambayo mashine nne za kwanza zinafaulu, si tangu siku ya malipo ya awali.

Kerezo_Pasua (Moshi)

Nakubaliana, ila injini msinunue zote 40 mpaka jaribio la Karatu litoke. Hp 8 ikishindwa huko, puli na mkanda vitabadilika pamoja nayo, na hata matundu ya kitako chake kwenye jigi.