Naomba ushauri: kanuni za mashindano ya ndege ndogo za mtindo wa zamani ndani ya ukumbi

Ndugu wapendwa, nawasalimu kutoka Lubumbashi. Pamoja na vijana wa mtaa wetu tunatayarisha mashindano ya ndege ndogo za mfano zinazorushwa ndani ya ukumbi kwa nguvu ya ukanda wa mpira uliosokotwa, njia ile ile ambayo Mfaransa Alphonse Pénaud aliionyesha mjini Paris mwaka 1871, nami naomba mnisaidie kuandika kanuni za haki.

Linalonisumbua zaidi ni jinsi ya kuamua ndege ipi ni ya mtindo wa zamani. Wapo wanaodai ndege iundwe kwa michoro iliyotoka kabla ya mwaka 1943, kama wanavyofanya baadhi ya wapenzi wa mchezo huu huko Marekani. Lakini michoro hiyo ni vigumu kuipata hapa, na kwa maoni yangu inatosha ndege iwe na umbo la wakati ule, iundwe kwa mti na kufunikwa karatasi nyembamba, bila plastiki wala nyuzi za kaboni. Je, waamuzi watalipimaje umbo hilo bila ugomvi?

Tena kuna uzito. Balsa, yaani mti ule mwepesi sana, ni adimu kwetu, na anayetumia mianzi huunda ndege nzito zaidi. Je, tuweke uzito wa chini kabisa kwa wote, au tupime mpira peke yake? Upana wa mabawa tumekubaliana usizidi sentimita 33.

Ndege ikinasa kwenye boriti za dari, naona muda wa kuruka uhesabiwe mpaka hapo iliponasa, ila wenzangu wanataka irushwe upya. Ninyi mmezoea kufanyaje?