Uhakiki nilioutoa mapema mno: tupeane uzoefu, wapenzi wa anime za kuchekesha na michezo mizito ya mezani

Mleta mada

Ndugu zangu, habari za wakati huu. Naleta mada hii kwa sababu nina deni kwa watu waliowahi kusoma uhakiki wangu wakaufuata. Nimeandika juu ya anime (katuni za video za Kijapani) za kuchekesha na juu ya michezo mizito ya mezani, yaani ile ya ubao na kadi yenye kanuni nyingi, kwa miaka kadhaa sasa, na nikiyapitia makosa yangu yote naona yana chanzo kimoja: nilihukumu kabla sijakijua vya kutosha kile nilichokuwa nakihukumu. Vitu hivi viwili huonekana havina undugu, lakini mtu akivipenda vyote hugundua kwamba kila kimoja humdanganya mgeni kwa namna yake. Kichekesho chepesi humfanya aone hakuna kitu ndani, na mchezo mzito humfanya aone kuna vitu kupita kiasi.

Kisa changu ni cha Brass: Birmingham, mchezo wa watu 2 hadi 4 uliotoka mwaka 2018 na kujengwa juu ya Brass ya Martin Wallace ya mwaka 2007. Wachezaji hujenga viwanda na njia za usafirishaji katika Uingereza ya mapinduzi ya viwanda, kwanza katika enzi ya mifereji, kisha katika enzi ya reli. Tulikuwa wanne, wote wageni, na mimi ndiye niliyesoma kitabu cha kanuni nikawafundisha wenzangu. Tulicheza zaidi ya saa nne. Usiku huohuo, kichwa kikiwa bado kimechoka, niliandika kwamba mchezo unabana bila sababu, kwamba aliyetangulia kujenga kiwanda cha chuma amewafungia wenzake mlango, na kwamba mbunifu wake hakufikiria vizuri. Nikaupa alama 5 kati ya 10.

Miezi miwili baadaye nilicheza na kundi jingine. Nilipotaka kumzuia jirani yangu asitumie chuma kwa kuwa hakuwa na mfereji wa kumfikisha kwenye kiwanda, dada mmoja alikivuta kitabu, akakifungua, akaweka kidole kwenye mstari bila kusema neno. Makaa ya mawe ndiyo yanayohitaji njia iliyounganishwa. Chuma hutumika kutoka kiwanda chochote popote kilipo kwenye ubao, hata kama huna njia ya kukifikia. Mimi nilikuwa nimeyafunga yote mawili kwa kanuni moja, na kwa sababu hiyo, siku ile ya kwanza, viwanda vya chuma vilikaa na chuma chao raundi baada ya raundi bila kugeuzwa (kigae cha kiwanda hugeuzwa chuma chake kikiisha, na hapo ndipo huleta kipato), wenyewe hawakupata kipato, na sisi wengine hatukuweza kuendeleza chochote. Katika mchezo wa watu wanne kila mchezaji ana vitendo 31 tu tangu mwanzo hadi mwisho. Mtu akipoteza vitendo sita au saba kwa sababu ya kanuni iliyosomwa vibaya, lazima aone kwamba mchezo unamnyonga. Alama 5 nilizotoa zilikuwa za mchezo nilioutunga mwenyewe bila kujua.

Naomba kila mwenye kisa cha namna hii atueleze aliandika nini, alikosea wapi, na siku hizi anafanyaje kabla ya kuandika. Tafadhali tutaje kazi yenyewe na tulivyoitazama au kuicheza, ili msomaji ajifunze kitu.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, nakushukuru kwa kuanza kwa kukiri. Mimi ni mtu wa anime zaidi, na deni langu ni kwa Azumanga Daioh ya mwaka 2002. Niliitazama sehemu zote 26 kwa siku mbili, kisha nikaandika kwamba ni hadithi isiyo na hadithi: wanafunzi wanaongea, wananyamaza, mmoja anaduwaa, mwingine anang'atwa na paka, basi. Nilisema kichekesho chake kinachelewa kufika na kinarudia mambo.

Baadaye nilijifunza mambo mawili ambayo ilinipasa niyajue kabla ya kushika kalamu. La kwanza ni kwamba chanzo chake ni katuni za Kiyohiko Azuma za visanduku vinne, mtindo ambao kwa kawaida kisanduku cha kwanza hufungua jambo, cha pili huliendeleza, cha tatu huligeuza na cha nne hulifunga. La pili ni kwamba iliporushwa kwenye televisheni ilikatwa vipande vifupi 130, kimoja kila siku ya kazi, vitano vya wiki vikiunganishwa kuwa sehemu moja. Kwa hiyo kilichonichosha kilikuwa kula kwa siku mbili chakula cha nusu mwaka.

Niliirudia kwa utaratibu ule wa awali, kipande kimoja kwa siku baada ya kazi, na ndipo ule ukimya nilioulalamikia ulipoanza kunichekesha. Kuna pale ambapo msichana mrefu, mpole, anayependa paka kupita kiasi, ananyoosha mkono polepole kumpapasa paka wa kijivu, na kamera inakaa palepale, haiendi popote, hadi meno yanafunga juu ya vidole. Mara ya kwanza niliona hilo limerudiwa mno. Mara ya pili nilikuwa nimengoja siku kadhaa tangu nilipomwona paka yule kwa mara ya mwisho, na alipotokea tu nilikuwa nacheka kabla mkono haujanyooka. Siku hizi, katika kila uhakiki wa kichekesho, sentensi yangu ya kwanza hueleza nilitazama sehemu ngapi kwa siku moja. Naamini taarifa hiyo ina faida kwa msomaji kuliko alama yoyote.

Mchangiaji wa pili

Naunga mkono, na ninaongeza jambo kuhusu kueleza utani. Nilipohakiki Nichijou, ile ya mwaka 2011 iliyotengenezwa na Kyoto Animation, nilisimulia tukio la mwalimu mkuu kupigana mieleka na kulungu, hatua kwa hatua, kwa kudhani kwamba namvutia msomaji. Rafiki yangu aliisoma, akaenda kutazama, akarudi kuniambia kwamba hakucheka hata kidogo, kwa kuwa alikuwa akisubiri kila hatua niliyomwandikia. Nilijisikia vibaya kwa dhati, maana nilimnyang'anya kitu ambacho hawezi kukipata tena.

Uhakiki wa mchezo wa mezani hauna hatari hiyo. Kanuni ukizieleza hazichakai, na msomaji huzihitaji. Kichekesho ukikieleza umekimaliza. Sasa badala ya kusimulia tukio ninaeleza namna utani unavyojengwa. Katika Nichijou, kwa mfano, jambo dogo kabisa huchorwa kwa juhudi na kasi ambayo anime nyingine huiweka akiba kwa ajili ya vita vya mwisho. Msomaji akilijua hilo anajua kama ni ladha yake, na bado hajapoteza utani hata mmoja. Pia ninataja kama utani unategemea maneno ya Kijapani, kwa sababu anayefuata maandishi ya tafsiri chini ya picha huusoma mwisho wa utani kabla mhusika hajausema, na hilo hupunguza kicheko bila ya kuwa kosa la kazi yenyewe.

Mchangiaji wa tatu

Kwangu mimi ni Terraforming Mars ya mwaka 2016, mchezo wa kuifanya sayari ya Mirihi ikalike, uliobuniwa na Jacob Fryxelius. Sanduku linasema dakika 120 na watu 1 hadi 5. Tulicheza watano, wanne kati yetu hatujawahi hata kuiona, na tulimaliza baada ya karibu saa tano. Nikaandika kwamba inachosha.

Nilichokosa kueleza ni kwamba mchezo huo una kadi za miradi zaidi ya 200, karibu kila moja na maandishi yake, na kwamba katika kila kizazi (ndivyo raundi inavyoitwa humo) mchezaji hupokea kadi 4 na kuamua zipi azilipie ili abaki nazo. Wageni wanne wakisoma kadi nne kila mmoja, kila kizazi, muda lazima uende. Mchezo wenyewe hauishi mpaka joto la sayari lipande kutoka nyuzi −30 hadi +8, oksijeni ifike asilimia 14, na bahari zote 9 ziwekwe, na sisi kwa woga wa ugeni kila mtu alikuwa akijenga kipato chake, hakuna aliyeisukuma sayari. Tulipocheza watatu tunaoijua, tulimaliza kwa chini ya saa mbili na nusu, na nikaipenda sana. Tangu hapo naandika idadi ya wachezaji, wangapi kati yao ni wageni, na saa halisi tulizotumia.

Mchangiaji wa nne

Mimi naomba kupingana kidogo na mwelekeo wa mada, kwa heshima zote. Mtu aliyecheza mchezo mara 30 ameshasahau ulivyomtatiza mara ya kwanza. Hajui tena ni ukurasa upi wa kitabu unaopotosha, wala hakumbuki kwamba alama fulani kwenye ubao zinafanana mno. Kosa lako la chuma na makaa, ndugu mleta mada, ni taarifa muhimu kwa anayetaka kujifunza mchezo ule, na usingekuwa nayo kama ungesubiri. Wasomaji wengi nao ni wageni, na watacheza mara chache tu maishani mwao. Tukikubaliana kwamba uhakiki wa mapema ni kosa, tutawanyima sauti ya mtu aliye katika hali yao.

Mleta mada

Hoja yako imeniingia, na nitaifanyia kazi. Labda tatizo langu lilikuwa kuandika kama mzoefu ilhali nilikuwa mgeni. Ningeandika kwamba nimecheza mara moja, nimefundisha mimi, na tumebanwa na chuma, mtu angenisahihisha siku ileile.

Mchangiaji wa tano

Nina kisa kifupi kinachoenda upande mwingine, maana mimi nilisifu mapema. Spirit Island ya mwaka 2017, ya R. Eric Reuss, ni mchezo wa kushirikiana ambamo wachezaji ni roho za kisiwa zinazowafukuza wavamizi. Tulishinda mara tatu mfululizo, nikaandika kwamba ni mchezo mzuri kwa familia, mwepesi kuliko unavyoonekana. Watu wawili waliununua kwa kunisikiliza. Nilikuwa nimecheza na roho rahisi pekee na bila kuongeza taifa pinzani, ambalo ni la hiari na huwapa wavamizi nguvu zaidi. Nilipoongeza ufalme wa Brandenburg-Prussia na kupandisha ngazi zake za ugumu, wavamizi walijenga kwa kasi ambayo hatukuiweza, na tulishindwa mchezo baada ya mchezo. Kumbe nilikuwa nimeonja ukingo wa sahani. Niliwapigia wote wawili nikawaeleza, kisha nikakaa nao kuwafundisha kwa mikono yangu, kwa sababu niliona ni wajibu wangu.

Nikiruhusiwa kurudi kwenye anime: anayependa michezo ya aina hii ajaribu Kaguya-sama: Love is War, msimu wa kwanza wa mwaka 2019. Wanafunzi wawili wanapendana, na kila mmoja anapanga hila ili mwenzake atangulie kusema. Msimulizi hutangaza mwisho wa pambano nani ameshinda na nani ameshindwa. Mtu aliyezoea kuhesabu zamu za mpinzani kabla ya kusogeza kete atavitambua vichwa vile viwili mara moja, na nadhani wahakiki wengi walioiweka kwenye fungu la mapenzi pekee hawakuutendea haki upande huo.

Mchangiaji wa sita

Ndugu mleta mada, nina swali la pembeni, maana nimeununua huo wa Birmingham na tunacheza Jumamosi. Umeeleza chuma na makaa. Bia je? Inafuata kanuni ya chuma au ya makaa?

Mleta mada

Inafuata zote mbili, na umefanya vema kuuliza. Bia ya kiwanda chako mwenyewe unaitumia popote, bila kuhitaji njia, kama chuma. Bia ya kiwanda cha mpinzani lazima iwe imeunganishwa kwa njia na mahali inapohitajika, kama makaa. Bia ya mfanyabiashara aliye pembeni mwa ubao hutumika tu unapomuuzia bidhaa yeye, nawe lazima uwe umeunganishwa naye.

Nimefungua uhakiki wangu wa zamani ili nikunakilie sehemu hiyo na nimekuta pale niliandika kwamba bia yote huhitaji njia. Nimeisahihisha sasa hivi. Maandishi ya awali nimeyaacha chini yake pamoja na tarehe yake, na juu nimeandika kwamba nimecheza mara 9, mara 6 tukiwa wanne, na kwamba katika ile ya kwanza tulikosea chuma na bia. Ukicheza Jumamosi, mkabidhi mtu mwingine kitabu wakati wewe unafundisha.